Kabla ya kulipa kisu ya kukunja, ifungue kwanza

Bwana Muhariri,

Naomba nafasi kidogo mu gazeti yenu niongee juu ya visu vya kukunja, hizi kanifu tunabebaga mu mufuko, ju naona watu wa Lubumbashi wanapoteza makuta yao kwa vitu vinang'aa lakini havikate. Mimi kazi yangu ni miche ya matunda, ku barabara ya Kipushi, avoka, machungwa, miembe, na napandikizaga, maana yake nakata kikonyo ya muti muzuri naiingiza mu shina ya muti mwingine nafunga mupaka vishikane. Ile kazi inaomba kisu inapita mara moja, safi, bila kuponda ganda, ju ganda ikipondwa kidonda inaoza na muche unakufa. Kwangu kisu si pambo, njo chakula ya watoto, na njo maana naandika.

Pita ku soko ya komini Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, ao ku soko ya Mzee Kabila, utakuta visu vimepangwa juu ya nailoni, vingine viko na taa, vingine na kifungua chupa, kijiko, msumeno, na muuzaji anakuambia papa hii ni inoksi, chuma isiyoshika kutu, haiishake. Bei nzuri, rangi nzuri. Unaibeba nyumbani, unakata nayo kamba, unafungua mifuko ya saruji, wiki haijaisha ile chuma inaanza kucheza mu mupini na makali yamelala upande moja, unanoa, inalala tena. Tatizo iko mu chuma yenyewe. Kuna inoksi ya kijiko na kuna inoksi ya kisu. Ile ya vijiko na sufuria ata uiweke mu moto namna gani haikomae, ya kisu iko na kaboni ya kutosha ndani na njo inaifanya ikomae ikipita mu moto na kupozwa haraka. Kwa hiyo beba sumaku kadogo mu mufuko, ata ile ya spika iliyokufa. Sumaku ikikataa kabisa kushika chuma ya kisu, rudisha, ile ni kijiko. Ikishika, haiseme bado kama kisu ni nzuri, ju kuna chuma mingi dhaifu inashikaga sumaku pia, lakini umeshatoka mu shimo ya kwanza.

Sasa kitu kubwa, na hapa naomba wasomaji wasikilize, ni kiungo, pale chuma inakutana na mupini. Watu wanaangaliaga chuma paka, wanaangalia mupini kama ni muzuri, hakuna anaangalia kiungo, na kisu ya kukunja inakufia pale. Visu vingi vya zamani havina kufuli, viko na resori ku mugongo, kipande ya chuma inapinda kidogo na kusukuma kisigino ya ile inayokata, na ile nguvu tu njo inaifanya ibakie wazi ao ibakie imefungwa. Fungua polepole usikilize. Resori nzuri inavuta, unasikia nguvu yake ku kidole, na mwisho inalia tak, kavu, bila kusitasita. Kama inafunguka laini laini sawa mulango wa kabati umechoka, acha. Kisha kamata ncha kwa vidole viwili usukume kushoto na kuume, haifai kucheza ata kidogo, ju kama inacheza ingali mupya itakuwa aje kisha mwaka moja ya kazi? Inua kisu ku jua uangalie katikati ya resori na mupini, mwangaza ukipita pale basi fundi alikuwa na haraka. Funga, uangalie kutoka juu: chuma ilale katikati ya nafasi yake, isiguse upande, na makali yasigonge resori chini, ju yakigonga kila ukifunga unaharibu makali wewe mwenyewe na utasema kisu ni mbaya kunoa.

Misumari inayoshika vyote pamoja, angalia kama ni ya latoni na kama imepigwa nyundo ikalala sawa na mupini, usisikie kitu ukipitisha kidole. Latoni ni shaba na zinki, na hivyo vyote viwili viko mu udongo wetu, shaba hapa na zinki pale Kipushi, kwa hiyo sisi tungefaa kuwa watu wa kwanza kuijua. Uzuri wa ule musumari ni kwamba kisu ikianza kulegea fundi anaipiga kidogo kwa nyundo ndogo, pande zote mbili, inakaza tena. Ile mipini ya plastiki iliyomiminwa kwa kalibu huwezi kuipiga nyundo, inapasuka, basi kisu nzima imeenda.

Watu wananiuliza inoksi ao chuma ya kawaida, ile ya kaboni inashikaga kutu. Mimi kwa kazi yangu nachukua kaboni bila kufikiri. Inanoleka mbio ku jiwe ya kawaida, inapata makali ya wembe, na mutu ambaye hana vyombo vya bei anaweza kuitunza mwenyewe. Itakuwa nyeusi, hiyo ni kweli, limau na embe zinaipaka rangi ya bluu na kijivu mu siku kidogo, na watu wanaogopa wanaisugua na mchanga mupaka ing'ae tena. Musifanye vile! Ile rangi nyeusi inasaidia kuzuia kutu, adui ni ile nyekundu. Pangusa kisu kisha kazi, ikauke, tia mafuta kidogo. Na mafuta isikuwe ya mawese ao ya kukaanga, ju hizo zinaganda zinakuwa gundi mu kiungo na kisu inakataa kufunguka, nunua ile mafuta ya parafini ku farmasi, si petroli ya taa, chupa ndogo inakaa muda murefu na haiharibu chakula. Mutu anayefanya kazi mu maji, muvuvi, mama wa samaki, huyo achukue inoksi, lakini inoksi ya kisu.

Na usidanganywe na unene. Chuma nene inaonekana ya nguvu lakini inapasua kitu badala ya kukata, visu vya wazee vilikuwa vyembamba na njo maana vinapita mu nyanya, mu ganda ya muti, mu ngozi, bila kusukuma. Kwa kupandikiza ile ambayo makali yake yamenolewa upande moja tu inapita zote, lakini ata ya pande mbili inaweza kama imenolewa muzuri. Ku jiwe, ile ya pande mbili ilaze karibu na digri 20 kila upande, kisha pitisha ku mukaba wa ngozi, ujaribu kwa ukurasa wa gazeti ya zamani. Ikate karatasi bila kuivuta.

Niseme sasa juu ya majina, ju muuzaji ataanza na jina. Okapi wengi tunaijua, mupini wa muti wenye nyota na mwezi, na ile pete ku mugongo, ukifungua inalia ka ka ka. Ilianza mwaka 1902 kule Solingen, Ujerumani, kwa kuuzwa mu makoloni ya Wajerumani huku Afrika, na ulikuwa mwaka moja tu kisha wanasayansi wa Ulaya kuandika okapi, ule munyama wetu wa Ituri, mu vitabu vyao, 1901. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini, na vitu vya kule vinatufikiaga kwa njia ya Zambia na Kasumbalesa. Ni kisu ya mutu wa kazi, si ya kujionyesha, chuma ya kaboni, na ile pete inaizuia isikufungie ku vidole. Wafaransa wako na Opinel, Joseph Opinel aliianza 1890 mu milima ya Savoie, na 1897 wakapanga ukubwa kwa namba kutoka 1 mupaka 12, namba 8 njo ile inatosha mu mukono ya watu wengi, chuma yake sentimeta 8 na nusu. Pete yake ya kufunga ilikuja 1955. Mimi naipenda sana kwa wepesi wake, lakini mujue mupini wake ni muti mutupu, mu musimu wa mvua hapa kwetu unavimba na kisu inakaza kufunguka mupaka ikauke, kwa hiyo usiiache inje usiku. Waswisi nao, Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach 1884 na 1891 akaanza kupatia jeshi yao visu, na kizazi cha ile kisu njo Victorinox nyekundu yenye musalaba. Inoksi yake ni ya kisu kweli, inanoleka bila taabu, tatizo ni kwamba ku soko yetu nyekundu zenye musalaba ni mingi kuliko zile zinatoka Uswisi. Angalia alama ku kisigino ya chuma, karibu na musumari, ikuwe imechongwa safi na ndani kabisa, isikuwe wino unafutika kwa kucha.

Na Laguiole, ile yenye nyuki ku mugongo. Laguiole ni kijiji ya Ufaransa, lakini kwa miaka mingi watengenezaji wa mbali sana waliandika lile jina ku visu vyao na nyuki wakaweka pia. Nyuki peke yake haikuambie kitu. Fungua, sikiliza, sukuma ncha, angalia mwangaza, sawa vile nimesema, na ile kisu isiyo na jina ikipita pale ni bora kuliko yenye jina kubwa inayocheza.

Kuna wazazi wananiambia kisu mu mufuko ni kitu ya wabandi. Nawaelewa, muji huu usiku tunaujua. Lakini kisu ya kazi inakaa na kazi, mu mufuko wa vyombo, mutu akienda ku bar kunywa aiache nyumbani, na kijana afundishwe mapema kwamba kisu isiyo na kufuli haichomwe mu kitu ngumu ju itamufungia ku vidole, na kisu inakata kwa kwenda mbali na mwili, makali yakiangalia inje.

Ndugu zangu wauzaji, hakuna mutu anawatafutia vita. Naomba paka mutu akisema nifungue nijaribu, musimunyang'anye kisu mukononi mukisema kama hununue weka chini. Yule anayejaribu muzuri atarudi kwenu, atawaletea na jirani yake. Na muagize visu vya kaboni vya mipini ya muti, ata kidogo, ju wakulima, maseremala na mafundi wa viatu tunavitafuta na hatuvione.

Jambo moja ya mwisho: kama kuna fundi ku Katuba, ku Ruashi ao popote mu muji huu anajua kutoa musumari wa zamani wa kisu na kupiga wa latoni mupya, aandike mu gazeti hii aseme anapatikana wapi. Niko na Okapi ya marehemu baba, chuma yake ingali nzima, kiungo njo kimelegea, na siwezi kuitupa.

Mupandikizaji wa miti,
barabara ya Kipushi, Lubumbashi