Msamaha wa matibabu unalipiwa na nani?

Mhariri,

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, mabishano mengi hapa mjini yamekuwa juu ya kiasi cha mchango. Watu wana sababu ya kubishana. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipoanza, kaya ya watu 6 katika mikoa mingine ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kaya kama hiyo Dar es Salaam ikatakiwa 150,000. Naomba nafasi, hata hivyo, nizungumzie wenye msamaha wa kulipia matibabu: wazee wasio na uwezo, wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na kaya maskini. Kwa maandishi, hawa wanatibiwa bure tangu zamani. Uchangiaji wa huduma ulipoanza mwaka 1993 msamaha uliwekwa, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikaurudia. Kilichosahaulika ni mlipaji.

Mwenye bima akitibiwa, kituo kinajaza madai na kuyapeleka kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Mwenye fedha taslimu anapewa kontroo namba, analipa, na fedha inaingia kwenye akaunti. Mwenye msamaha anaandikwa kwenye rejista, anatibiwa, basi. Hakuna ankara inayokwenda popote. Dawa zilizotoka stoo kwa ajili yake zitarudishwa kwa ruzuku ya Serikali, kwa Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wafadhili, au kwa fedha ya hao wawili waliotangulia, na mara nyingi vyote kwa pamoja havitoshi.

Tuchukue mfano wa kituo cha afya kinachohudumia wagonjwa 100 kwa siku, 40 kati yao wakiwa wa msamaha. Tuseme dawa na vifaa vya mgonjwa mmoja vinakigharimu kituo shilingi 4,000. Hao 40 ni shilingi 160,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 4,160,000 kwa mwezi. Ukitaka fedha hiyo itoke kwa wagonjwa 60 wanaolipa, kila mmoja aongezewe karibu shilingi 2,670 kila anapokuja. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hana mamlaka ya kupandisha bei atakavyo, na hata angekuwa nayo, wanaolipa wengi wao si matajiri. Kwa hiyo rafu zinabaki tupu, na mzee anaambiwa maneno ambayo kila mkazi wa jiji hili anayajua: dawa hakuna, kanunue nje. Mjamzito naye hutajiwa vifaa vya kuja navyo: glovu, pamba, mpira wa kulalia, wembe, kibanio cha kitovu. Kumuona daktari ni bure, kilichobaki kinapatikana duka la dawa la ng'ambo ya barabara kwa bei ya duka.

Anayedhani tatizo ni uzembe wa wafanyakazi peke yake aangalie dawa za kifua kikuu na za kufubaza VVU. Zinatolewa na watumishi walewale, katika majengo yaleyale, bila mgonjwa kulipa senti, na kwa kawaida zipo. Sababu ni kwamba zinakuja kupitia miradi msonge, yaani ya ugonjwa mmoja mmoja, yenye mlipaji wake anayejulikana. Dawa za presha na kisukari hazina mlipaji wa namna hiyo. Zinategemea mkoba wa kituo.

Kuna kasoro nyingine isiyozungumzwa sana nje ya stoo za dawa, nayo inafanya upungufu ujizalishe wenyewe. Bohari ya Dawa, yaani MSD, hupeleka dawa vituoni kila baada ya miezi 2, na kituo huagiza kwa kuangalia matumizi ya kipindi kilichopita. Kama vidonge vya amlodipini, dawa ya presha, vilivyotoka ni 1,200 ndani ya siku 60, lakini kwa siku 20 kati ya hizo havikuwepo, mahitaji halisi si 1,200. Unagawa 1,200 kwa siku 40 zilizokuwa na dawa, kisha unazidisha kwa 60, unapata 1,800. Fomu ina safu ya siku ambazo dawa haikuwepo, na isipojazwa agizo linakuwa dogo, dawa inaisha mapema zaidi, na agizo linalofuata linapungua tena.

Hata safu hiyo ikijazwa vizuri, haioni mgawo. Mzee anayetakiwa kupewa vidonge 30 vya mwezi anapewa 10 ili na wenzake wapate. Ni huruma, siilaumu. Lakini daftari linaandika 10, na wanaosoma takwimu wanaamini 10 zilitosha. Kama wote waligawiwa hivyo, ile 1,800 ilipaswa kuwa 5,400. Presha haisubiri siku 20 zilizobaki, na mgonjwa huyo akipata kiharusi atalazwa Amana, Temeke au Mwananyamala kwa gharama ambayo ingenunua vidonge vya miaka mingi. Mtoa dawa aandike namba mbili, alichoandika daktari na kilichotolewa. Agizo lifuate ile ya kwanza.

MSD ikikosa dawa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa. Utaratibu ni mzuri, ila mshitiri anataka fedha, nasi tumerudi kwenye akaunti ileile.

Upande wa kumtambua mwenye msamaha nao una matatizo yake. Asiye na uwezo huanza kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa apate barua yenye picha na muhuri, kisha afisa ustawi wa jamii hospitalini. Mjini hapa njia hii inakatika mapema. Mpangaji aliyehamia Chamazi au Msongola juzi hajulikani kwa mjumbe. Usiku na Jumapili ofisi ya ustawi imefungwa, na ugonjwa hauna ratiba. Barua iliyokubaliwa hospitali moja inakataliwa nyingine, au inahesabika kwa hudhurio moja tu. Anayeachwa nje ni yule asiye na mtu wa kumtembelea ofisi tatu. Mzee mwenye jamaa hospitalini hupita bila barua, tusidanganyane.

Sheria ya 2023 imefungua mlango wa kurekebisha haya, kwa kuwa imeweka mfuko wa kugharamia wasio na uwezo, na vyanzo vyake ni pamoja na sehemu ya ushuru wa pombe, vinywaji vyenye kaboni, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Hofu yangu ni kwamba fedha hiyo itatumika kugawa kadi, halafu kadi ipokelewe vituoni kama barua za mtaa zinavyopokelewa sasa. Ningependa mfuko huo ulipe kila hudhurio la mwenye msamaha, kwa bei ileile ambayo NHIF inakilipa kituo cha ngazi hiyo, kila mwezi, moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Vituo vyenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa Serikali wa kuendesha vituo vya afya, tayari vinaandika msamaha kwenye mfumo, kwa hiyo ankara inaweza kutoka bila mtu kujaza karatasi mpya. Utambuzi nao ufanyike mtu akiwa mzima, kwa kuanzia na orodha ya kaya maskini za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na kuongeza walioachwa, kisha kadi ikubalike mwaka mzima katika kituo chochote cha umma mkoani.

Watasema vituo vitabuni wagonjwa hewa. Baadhi vitajaribu, kama ilivyotokea kwenye madai ya bima. Ndiyo maana malipo yafuatane na uhakiki: sampuli ndogo ya wagonjwa wapigiwe simu au watembelewe, na kituo kitakachokutwa na hudhurio la uongo kikatwe malipo yake yote kwa uwiano wa kosa lililopatikana kwenye sampuli, si malipo ya hudhurio hilo moja tu. Kukatwa hivyo kunauma, na uwezekano wa kurudia unapungua.

Wakati tunasubiri hayo, wananchi wana kamati za usimamizi wa vituo, ambazo wengi hawajui hata wajumbe wake ni nani. Kamati inaweza kudai ubaoni, kila mwisho wa mwezi, idadi ya waliotibiwa kwa msamaha, thamani ya dawa walizopewa, na majina ya dawa zilizokosekana pamoja na siku zilizokosekana. Halmashauri zetu tano zikijumlisha karatasi hizo, wabunge wa Dar es Salaam wataingia kwenye mjadala wa bajeti ya Wizara ya Afya wakijua kiasi halisi cha kuombea mfuko huo, badala ya kukisia.

Mfamasia,
Tabata, Dar es Salaam