Waliofyatua risasi wajulikane

Mhariri,

Vijana waliojitokeza barabarani Juni 25, 2024, siku ambayo waandamanaji kadhaa waliuawa kwa risasi jijini Nairobi, walikuwa wakitumia haki ya kuandamana kwa amani waliyopewa na Kifungu cha 37 cha Katiba. Wenzao wanadai jambo ambalo halihitaji sheria mpya: waliofyatua risasi wajulikane na wafikishwe mahakamani.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana wazi, na inamlazimu mkubwa wake kuiarifu IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, kila silaha inapoua au kujeruhi vibaya. Afisa akifunika uso na nambari isionekane, shahidi atamtaja nani? Hapo ndipo kesi hufia, kabla hata faili haijamfikia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, huku mzazi akibaki na ripoti ya upasuaji wa maiti mkononi.

Inspekta Jenerali aikabidhi IPOA orodha ya maafisa wote waliopewa silaha siku hiyo, na makamanda waliotoa amri nao wahojiwe.

Msomaji wako,
Nairobi