Kliniki ya watoto ipime na kichwa, si uzito tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaulize wasimamizi wa afya mkoani Dodoma: kwa nini katika zahanati zetu nyingi mtoto huwekwa kwenye mizani kila mara, lakini kichwa chake hakiguswi?

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mfupa ambavyo maungio yake hubaki wazi ili ubongo, unaokua kwa kasi sana mwaka wa kwanza, upate nafasi. Kwa takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa, ungio moja au zaidi hufunga mapema. Linaloathirika zaidi ni lile litokalo utosini kuelekea kisogoni. Likifunga, kichwa hurefuka na kuwa chembamba, na baadhi ya watoto hupata shinikizo ndani ya fuvu linaloweza kuharibu uwezo wa kuona.

Tiba yake ni upasuaji, nao una majira yake. Mtoto akiwahi, yaani akiwa na miezi 3 au 4 hivi, pale penye vifaa daktari hupitisha kamera kwenye vijeraha vidogo na kuondoa ukanda wa mfupa ulioshikana, kisha mtoto huvaa kofia maalumu kwa miezi kadhaa. Akichelewa, hubaki upasuaji mkubwa wa kulifungua fuvu na kulipanga upya, ambao humpotezea damu nyingi zaidi.

Sasa tazama ratiba ya chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua akiwa na miezi 9. Mama wa Bahi au Chemba ambaye baada ya wiki ya 14 amerudi shambani, nami simlaumu, atamleta tena mtoto wakati fursa ile imekwisha kupita.

Kwa hiyo mahudhurio hayo matatu ndiyo ya kutumia. Utepe peke yake hautoshi, kwa kuwa mzunguko wa kichwa kirefu unaweza kusomeka wa kawaida kabisa. Muuguzi apitishe kidole kutoka utosini hadi kisogoni, na akigusa tuta gumu juu ya kichwa chembamba, aandike rufaa siku hiyo hiyo. Na tuache kumtuma mama akakikande kichwa kwa maji ya moto, maana ungio lililoshikana halifunguki kwa kukandwa.

Waganga wakuu wa wilaya waliingize zoezi hili katika mafunzo kazini ya wahudumu wa kliniki, na kadi ya mtoto iwe na mahali pa kuandika kilichoonekana.

Muuguzi mstaafu,
Mpwapwa, Dodoma