Mkono mmoja wa gauni unabana? Soma hapa kabla hujanunua soksi ya mkono

Wateja wetu wengi wenye mkono uliovimba baada ya matibabu ya saratani ya titi hawakuja kwa sababu ya mkono. Walikuja na gauni. "Fundi, mkono huu umenibania." Gauni lenyewe tumelishona sisi, vipimo vipo daftarini, na miezi minane nyuma lilimkaa vizuri. Sasa mkono wa kulia unaingia bila shida, wa kushoto unagoma juu kidogo ya kiwiko na mshono wa kwapa unataka kuachia. Zamani ningefumua, nikaongeza kipande, nikapokea hela yangu. Siku hizi naweka mkasi chini na kuuliza: mama, ziwa la upande huu liliwahi kufanyiwa upasuaji? Ulipigwa mionzi?

Mara nyingi jibu ni ndiyo, na linafuatwa na "lakini nilishamaliza."

Namwelewa. Mtu katoka Dodoma, kakaa Dar es Salaam wiki tatu, nne, tano, kila siku ya kazi anaingia chumba cha mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa dakika chache, Jumamosi na Jumapili anapumzika kwa ndugu. Siku ya mwisho anapanda treni ya SGR, jioni yuko nyumbani, vigelegele, jogoo anachinjwa. Wiki moja au mbili baada ya hapo ngozi huweza kuchubuka na kuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa siku anamaliza, na hilo wengi wameshaonywa. Uchovu nao unakaa wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Mkono ndio haukusemwa, au ulisemwa siku ambayo kichwa kilikuwa kimejaa mengine. Tena haufuati kalenda. Unaweza kuanza kujaa baada ya miezi mitatu, baada ya miaka miwili, hata zaidi, mtu ameshasahau majina ya dawa alizokuwa anameza.

Maji yanatoka wapi

Hospitali wanaita limfedema. Mtaani ni "mkono kujaa maji", na jina hilo si baya. Damu ikipita kwenye nyama inaacha maji kidogo nyuma. Maji hayo yanaokotwa na vimfereji vyembamba sana, yanapitia kwenye tezi (za mkono nyingi zimekaa kwapani), yanachujwa, kisha yanarudishwa kwenye damu karibu na shingo. Upasuaji wa saratani ya titi mara nyingi huondoa baadhi ya tezi hizo, ama zipimwe, ama kwa sababu ugonjwa umeshazifikia. Mionzi nayo ikielekezwa kwapani inaacha makovu kwa ndani, nyama inakakamaa, na njia zilizobaki zinabanwa.

Ukikaa Dodoma unalijua kalavati lililojaa mchanga. Mvua ndogo inapita kwa shida lakini inapita. Ikishuka ile ya Januari, korongo linafurika, maji yanasimama upande wa juu na kuingia viwanjani mwa watu, na ndipo tunapojua kalavati lilikuwa limeziba siku zote. Mkono ni vivyo hivyo. Unahimili mwaka mzima, halafu joto la Novemba, au mwiba uliotunga usaha, au siku tatu za kupalilia mfululizo baada ya miezi ya kukaa bure, vinauonyesha.

Kwa hiyo si yale matende yanayotokana na minyoo inayoenezwa na mbu, na hakuna jirani aliyekutupia kitu. Mara nyingi pia si saratani iliyorudi, lakini hilo si la fundi kulisema. Ndiyo maana hatumpimi mtu soksi ya mkono, ile nguo ya kubana inayovaliwa mkononi maji yasijae tena, kabla hajaonwa na daktari kwa ajili ya uvimbe huo. Mkono uliovimba ghafla, unaouma, uliobadilika rangi, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na huyo tunamwambia asikae hata kwenye benchi letu. Aende hospitali muda uleule.

Tunavyopima

Hapa ndipo ufundi cherehani unaposaidia. Mteja anakaa, mkono umelala juu ya meza ya kukatia, kiganja kikitazama chini. Ninaweka alama ndogo za kalamu: kiganja, kifundo cha mkono, kisha kila sentimita nne kupanda mpaka karibu na kwapa. Kila alama inazungushwa futi na namba inaandikwa. Mkono mmoja, halafu wa pili, hata kama wa pili ni mzima, maana bila huo hatuna cha kulinganishia.

Ilinibidi nijifunze upya kushika futi. Fundi wa gauni ana tabia ya kuvuta kidogo, nguo ikae. Kwenye mkono uliojaa ukivuta, futi inazama kwenye nyama na unaandika uongo. Inatakiwa iguse ngozi tu, kama inzi katua. Mtaalamu wa fiziotherapia tunayeshirikiana naye alinirudisha mara sita kwenye mkono mmoja mpaka namba zetu zikafanana, na mimi nina miaka kumi na tisa kwenye cherehani.

Tofauti ya sentimita mbili au zaidi kati ya mikono, kwenye alama ileile, ndiyo wengi wanayoihesabu kuwa dalili ya kufuatiliwa. Sema mkono unaofanyia kazi kwa kawaida ni mnene kidogo, kwa hiyo kipimo kizuri kuliko vyote ni kile kilichochukuliwa kabla ya upasuaji. Kama una dada au rafiki ambaye ndiyo kwanza ameambiwa tarehe yake, mlete. Kupima ni bure na tunampa kadi.

Hata kabla futi haijaona kitu, mwili huwa umeshaona. Pete imekaza. Bangili inaacha alama. Mkono mzito jioni, kama umebeba mtoto aliyelala. Mtu akisema hivyo na namba zikawa sawasawa, bado tunamtuma kwa fiziotherapia, kwa sababu katika hatua hii ya mwanzo mkono huweza kurudi karibu na ulivyokuwa. Ukiachwa miaka, maji yaliyosimama yanafanya nyama iwe ngumu, na ngumu haishuki kirahisi.

Soksi niliyoshona mwenyewe

Sasa nieleze kwa nini hatuuzi soksi ya mkono kwa kila anayeingia na hela mkononi, kwa sababu kuna waliokasirika.

Mwanzoni niliona soksi hizi za kubana zilivyo ghali nikajiambia, hii si nguo tu? Nikanunua kitambaa cha kuvutika, nikapima mkono wa mama mmoja wa Mvumi, nikashona kwa overloki, ikatoka safi kabisa. Tatizo lake ilikuwa inateleza kushuka. Nikafanya ambalo fundi yeyote angefanya: nikatia lastiki ya inchi moja juu, karibu na kwapa. Ikakaa.

Baada ya siku mbili alirudi, amefunika mkono kwa khanga. Vidole vilikuwa kama ndizi mzuzu, kiganja kimetuna, na juu kulikuwa na mfereji mwekundu pale lastiki ilipokuwa. Alinisalimia vizuri tu, tena akaniomba radhi kwamba labda amevaa vibaya. Nilitamani aninunie.

Nilichokuwa nimefanya ni kuongeza mchanga kwenye kalavati. Soksi ya kweli hubana zaidi kwenye kifundo cha mkono na kulegea kadiri inavyopanda, ili maji yasukumwe kwenda juu. Nguvu hiyo hupimwa kiwandani. Leginsi iliyokatwa, ambayo naona wengi wanaitumia, haina mpangilio huo, na ikijikunja juu inafanya kazi ileile ya lastiki yangu. Siku hizi sishoni soksi ya mkono. Gauni nitakushonea hata la harusi.

Jambo la pili ni kwamba soksi haipunguzi mkono uliojaa. Inashikilia mkono uliokwisha kupunguzwa. Kupunguza ni kazi ya fiziotherapia: kusukuma maji kwa mkono mwepesi, kufunga tabaka za bandeji maalumu isiyovutika sana juu ya pamba au sponji, kufungua na kufunga tena, mazoezi, kwa wiki mbili hadi nne kwa kawaida. Mkono ukishatulia ndipo tunapima na kuagiza. Ukinunua kabla, utalipia saizi ya mkono uliojaa, halafu ukipungua soksi inapwaya na hela imekwenda. Kwa hiyo nikikwambia "bado, mama", sijakukatalia.

Nunua mbili ukiweza, moja ifuliwe nyingine ivaliwe. Sabuni laini, bila kukamua, na anika kivulini. Jua letu hili linakausha mboga siku moja, linaua mpira wa soksi vilevile. Hata ikitunzwa, baada ya miezi sita hivi huwa imelegea. Vaa asubuhi, vua usiku, na kama vidole vinavimba ukiivaa, vua uje nayo.

Nyumbani na shambani

Ushauri wa kwanza wa kila nyumba mtu akivimba ni kumkanda kwa maji ya moto. Kwa mkono huu, hapana. Joto linaleta damu zaidi na maji zaidi kwenye njia ileile iliyobana. Kukandwa kwa nguvu na mafuta nako hapana; ule usukumaji wa fiziotherapia ni mwepesi kiasi kwamba wateja wengine hudhani hawajafanyiwa kitu. Na tafadhali, chale. Nimeona mikono miwili iliyochanjwa ili "maji machafu yatoke". Kila tundu kwenye ngozi ile ni mlango wa vijidudu, na mkono wenye maji yaliyosimama haupigani navyo vizuri.

Ngozi ipakwe mafuta yasiyo na manukato isipasuke, hasa upepo wa Julai na Agosti. Ukienda kupogoa zabibu Hombolo au kukata kuni, vaa glovu. Ukichomwa, osha kwa sabuni, funika, angalia kesho yake. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, unauma, na homa au kutetemeka juu yake, hayo ni maambukizi na yanahitaji antibiotiki siku hiyo hiyo. Usiusukume wala kuubana na soksi wakati huo. Fika hospitali kwanza, sisi tupo tu.

Kuhusu kazi, wengi wameambiwa wasinyanyue hata sufuria maisha yao yote. Nilikuwa nawaambia hivyo na mimi. Lakini mwaka 2009 ulichapishwa utafiti Marekani kwa wanawake 141 wenye tatizo hili: walionyanyua uzito mara mbili kwa wiki, wakianza chini na kupanda polepole, wakisimamiwa mwanzoni na wakiwa wamevaa soksi zao, mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao, na hali kuwachafukia ghafla ilikuwa nadra zaidi kwao. Kwa lugha ya Nkuhungu, anza na kidumu cha lita tatu, si ndoo ya ishirini siku ya kwanza. Na bega lisiachwe likaganda: simama ukitazama ukuta, tembeza vidole kupanda mpaka pale panapovuta, pumua, shuka. Mtaalamu atakwambia mara ngapi.

Ninachoshona

Sidiria ya mikanda mipana, kwa sababu mkanda mwembamba unakata begani na kufunga njia. Magauni ya mkono mpana wenye kipande cha ziada chini ya kwapa, kitenge kikipangwa vizuri huwezi kujua. Na ziwa la kuvaa ndani ya sidiria. Ngozi ikiwa bado inapona baada ya mionzi natumia pamba laini tupu. Ikishapona, pamba inakuwa nyepesi mno, bega moja linapanda, na mgongo unalipa. Kwa hiyo tunatia mtama ndani ya kifuko cha kaniki, uzito ulingane na upande wa pili. Mtama wa kwanza uliingia fukusi, na mteja aliwagundua kanisani. Sasa tunaukaanga kidogo kwanza, na kifuko kina zipu ili uumwage siku ya kufua.

Tupo Majengo, hapa Dodoma, upande wa mafundi. Njoo kabla ya saa nne asubuhi, mkono ukiwa haujachoka na jua halijawaka, maana jioni utapima mkono mwingine kabisa. Vaa blauzi isiyo na mikono au khanga tu, njoo na cheti cha hospitali, na pete na bangili acha nyumbani. Huwa zinasahaulika juu ya meza yangu, na sasa hivi nina pete tatu ambazo wenyewe siwajui.