Kwa mdogo wangu aliyeniomba daftari la marehemu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako uliingia siku ya hitima. Ulikuwa na mistari mitatu ya rambirambi, nzuri na yenye adabu, kisha wa nne ukiuliza kama daftari la Mzee, yule mfanyabiashara wa samaki niliyemfanyia kazi ya hesabu, liko kwangu na kama naweza kukupigia picha zile kurasa zenye majina ya wanunuzi wa hoteli, kwa kuwa huko Nairobi umeanza upya na safari hii kinachokukwamisha ni koneksheni tu. Sikukujibu. Lakini kwa kuwa tangu siku ile umeshawaeleza nusu ya jamaa zetu, kuanzia Langoni mpaka Mombasa, kwamba dada yako anakubania riziki, nimeona nikujibu hapa hadharani, mahali ambapo wewe mwenyewe hupenda kuandika habari zako, ili na wao wasome upande wa pili.

Daftari ninalo. Watoto wake walinikabidhi nizifunge hesabu, kwa sababu hakuna mwingine anayeusoma mwandiko wake. Majina yamo, na namba zimo, nyingi za watu waliokwisha kustaafu au kurudi kwao Italia. Ila hata zile zinazoita hazitakufaa, kwa maana watu hao walikuwa wakiipokea simu yake yeye. Mnunuzi wa hoteli hupigiwa simu na wauza samaki tangu alfajiri. Akiona namba asiyoijua huiacha iite, na akisikia "nimepewa namba yako na marehemu" ataikata, nami sitamlaumu.

Wewe umekuwa ukimwita Mzee "mlango". Kwangu hakuwa mlango. Nilipoingia kwake nikiwa na cheti cha uhasibu na kiburi chote cha cheti, hakunipa hata mteja mmoja. Alinipeleka diko, pale mashua zinaposhushia samaki, akanisimamisha kando ya mizani, nikaandika kilo za changu na tewa mpaka nikajua kwa macho ni samaki yupi amelala ndani ya mashua usiku kucha bila barafu. Baadaye aliniruhusu nikae kimya anapopatana bei, na tulipotoka aliniuliza nimesikia nini. Nikimjibu vibaya hakunisahihisha. Aliniambia nifikiri, kisha kesho yake akaniuliza tena lile lile. Ilichukua muda mrefu kabla hajaanza kunitaja kwa watu, na siku alipomwambia meneja mmoja wa Watamu kwamba "huyu binti hesabu zake mimi sizirudii", nilijua amenipa kitu ambacho benki haitoi.

Huko mlikosomea biashara jambo hili mnaliita ulezi wa waanzilishi wa kampuni, na mmeupangia ratiba: saa moja kwa mwezi, mkiwa mnaonana kwenye kompyuta. Siudharau mpango huo, kwa sababu una faida kwa asiye na mtu. Lakini kwetu pwani jambo hili ni la zamani kuliko neno lake, na wewe umeliona kwa macho yako. Septemba 2018, Flipflopi iliposhushwa majini Lamu, wewe ulikuwa wa kwanza kunitumia picha za ile mashua ya plastiki taka, yenye urefu wa mita tisa, iliyofunikwa kwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Ukaniandikia: "Dada, hivi ndivyo wazo moja linavyobadilisha dunia." Wazo lilikuwa la Ben Morison, naam. Lakini plastiki haina tabia ya mti, hakuna aliyewahi kuunda jahazi la namna ile, na aliyelifanya lisimame juu ya maji ni Ali Skanda na mafundi wenzake, watu ambao ufundi wao umepokezanwa mkono kwa mkono huko Lamu. Januari 2019 mashua ile ikasafiri mpaka Unguja. Mimi sikuona wazo moja. Niliona mwenye wazo aliyekuwa na akili ya kukaa karibu na fundi na kumsikiliza.

Sasa turudi kwako. Kampuni yako ilikuwa na nia njema, na hilo sitalikana hata nikiwa na hasira. Mvuvi wa Kizingitini au wa Ngomeni kujua kwa simu bei ya leo kabla hajafika kwa tajiri wake, na hoteli kuagiza samaki bila kupitia mikono minne, ni jambo ambalo hata Mzee alilipenda. Ndiyo maana alikubali kukuona. Nilikuombea nafasi hiyo kwa jina langu, ukaja, na baada ya Alasiri tukakaa barazani kwake, kahawa na halua mbele yetu. Alikuuliza maswali mawili tu. La kwanza: mwezi wa nane, hoteli za Malindi na Watamu zinapojaa Waitaliano ilhali kusi bado linavuma na mashua ndogo hazitoki, samaki utamtoa wapi? La pili: mvuvi anataka fedha mkononi pale pale diko, hoteli inalipa baada ya siku 60, je, katikati hapo atakayelala na deni ni nani? Akakupigia hesabu kwenye kipande cha gazeti. Ukinunua samaki wa shilingi 100,000 kila wiki kwa taslimu, utakuwa umetoa zaidi ya 800,000 kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Akakushauri uanze na diko moja na hoteli moja inayolipa kila Ijumaa, hata kama bei yake ni ya chini.

Ulicheka kwa heshima, ukamwambia kwamba programu itayatatua hayo watumiaji wakiwa wengi, halafu ukamgeuzia kompyuta na kumwomba awekeze 500,000. Kahawa ilikuwa bado haijapoa. Hata hilo sikulitilia maanani, kwa kuwa kijana akiwa na wazo jipya huona kila mtu ni mfuko wa fedha. Mzee mwenyewe alisema "ana moto, atapoa", na akangoja urudi. Alikuwa akiniuliza kila baada ya muda kama umejaribu ile hoteli moja. Mlezi hataki zawadi, mdogo wangu. Anataka kujua neno lake lilitumikaje, hata ukija kumwambia kwamba ulilijaribu na halikufaa. Wewe hukurudi.

Kilichorudi ni picha. Ile mliyopiga barazani, ambayo mimi ndiye niliyewapigia kwa simu yako, niliikuta kwenye wasilisho lako la wawekezaji, na chini yake yameandikwa jina lake kamili na cheo "mshauri mkuu". Baadaye nilielewa kwamba ulikuwa ukiionyesha pia madikoni. Hukumwuliza, wala hukuniuliza mimi.

Huenda hujui kilichotokea asubuhi ile, kwa sababu wewe ulikuwa umeshapanda basi na simu yako imezimwa. Nilipofika kazini niliwakuta barazani, wavuvi wale uliowachukulia mzigo kwa mkopo wiki za mwisho kabla kampuni haijafungwa. Hawakuwa wakipiga kelele. Walikuwa wamevaa vizuri kama watu waliokuja kuposa, na mmoja wao, mtu mzima kuliko baba yetu, alikuwa ameishika karatasi yenye ile picha, imekunjwa mara nyingi mpaka uso wa Mzee umepasuka katikati. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa: "Sisi yule kijana hatumjui. Tulikuona wewe." Mzee aliiangalia karatasi kwa muda. Angeweza kusema kwamba hakuhusika, na ningekuwa shahidi wake, na sheria ingekuwa naye. Hakusema. Aliingia ndani, akatoka na fedha, akamlipa kila mmoja kiasi alichotaja bila kumwomba stakabadhi, kisha akanigeukia na kuniambia niandike. Niliandika mimi, kwa mkono wangu, jina lako na kiasi, katika daftari hilo hilo unaloniomba nikupigie picha. Ukurasa wako umo. 

Hakuwahi kunitajia tena jambo hilo. Ila kuanzia siku ile sikumsikia akimtambulisha kijana yeyote kwa mtu yeyote. Walikuja wengi, wengine wenye kampuni changa kama yako na wenye adabu kuliko wewe, akawapa kahawa na kuwasikiliza, wakaondoka bila jina hata moja. Binti mmoja wa Gede alikuwa na mashine ya kukaushia samaki kwa jua, kazi safi, na alichohitaji ni barua ya mistari miwili kwa mnunuzi. Hakuipata. Hilo ndilo ambalo sijaweza kulisamehe, zaidi ya fedha.

Unaniambia kwamba wenzako wa Nairobi wanafanikiwa kwa sababu wamezaliwa ndani ya koneksheni, na sisi wa visiwani tumeachwa nje. Kuna kweli ndani yake. Mwenye wazo aliye kule Faza kisiwani hana jirani mwekezaji, na safari ya kwenda tu kuonana na mmoja, kuanzia boti ya Mokowe, humla nauli na siku mbili. Lakini tazama mfano unaoupenda mwenyewe. Mwanzoni mwa 2008, nchi ikiungua baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika mtandaoni kwamba ingefaa pawepo ramani ya kuonyesha ghasia zilipotokea, na katika siku chache Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa wameshirikiana naye, Ushahidi ikazaliwa. Watu hawa hawakuokotana siku hiyo. Walikuwa wakisomana maandishi yao tangu kabla ya kuhitajiana. iHub, ile nyumba ya wabunifu wa teknolojia iliyokuwa Ngong Road, ambako uliniambia kila kiti kina bahati, ilifunguliwa 2010, baada ya urafiki ule kuwapo. Wewe unataka kuanzia kwenye kiti.

Tena mwalimu wetu wa chuo alitusomesha habari za msomi wa Marekani, Mark Granovetter, aliyewahoji watu wa Newton, karibu na Boston, kuhusu namna walivyopata kazi. Katika makala yake ya 1973 alionyesha kwamba miongoni mwa waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, asilimia 16.7 tu waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Waliobaki waliambiwa na watu wa mbali kidogo, wanaokutana nao mara moja moja au kwa nadra. Sababu yake ni rahisi, kwamba wa karibu nawe wanajua yale yale unayoyajua. Basi usinilaumu mimi na wajomba kwa kutokukufungulia dunia. Sisi hatukuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni yule mtu wa mbali, asiye damu yetu, na ulipewa saa nzima naye. Jina la mtu wa namna hiyo ni kanzu ya kuazima, huivai uvuvini.

Najua utasema nakuhukumu kwa kosa la ujana, na kwamba mama amenisikitikia kwa ukali wangu. Lakini ni nani aliyekuombea ile nafasi? Ni nani aliyekaa kazini miaka yote baada ya hapo, akipita mbele ya lile baraza kila asubuhi na jina lako likiwa limeandikwa ndani? Ungekuwa wewe ndiye mimi, na mtu akakuomba kurasa hizo kabla arobaini haijafika, ungezituma? Nimejiuliza usiku mwingi, na kila mara nafika pale pale. Sikukubania. Nililinda kilichobaki cha jina la mtu ambaye hakuwa na wajibu wowote kwetu. Na sitakutupia ile methali ya mkuu na guu, maana najua umeichoka tangu chuoni kwa maalim.

Bado wewe ndiye uliyenifundisha kutumia jedwali la kompyuta, ukikaa nami sebuleni mpaka saa sita za usiku bila kukereka nilipofuta kila kitu kwa bahati mbaya. Hapo ulikuwa mlezi wangu, na mzuri. Kwa hiyo sikuachi.

Fanya hivi. Kijana mkubwa wa Mzee atakuwa Malindi mpaka mwisho wa mwezi. Njoo mwenyewe, usitume fedha kwa simu, na uje na kiasi chochote ulicho nacho kuwa ni mwanzo wa deni, nitakuwepo, nitaandika. Usimwombe chochote siku hiyo. Likiisha hilo, kuna mama mmoja anayeongoza jiko la hoteli ya Watamu ambaye nimemtajia habari zako, za nia yako na za deni pia, kwa kuwa sitamtambulisha mtu nusu. Amekubali akuone mchana wa Jumanne, wakati jiko limetulia. Hatanunua, wala hana fedha za kuwekeza, lakini anajua hoteli zipi hulipa kila wiki. Nenda na swali moja uliloliandika, liwe ni lile la mwezi wa nane, nyamaza akujibu, na mwezi ukiisha mrudie umweleze ulichofanya. Picha usimwombe.

Dada yako,
Malindi