Siku nne hazifiki El Requesón

Kila Februari, wazazi wanapoanza kuhesabu siku za likizo ya shule, sisi tunaokodisha magari-nyumba hapa Phoenix, Arizona, tunaletewa picha ile ile. Ulimi wa mchanga mweupe umetoka ufukweni ukaenda kukigusa kisiwa kidogo, maji ya kijani pande zote mbili, na magari-nyumba mawili matatu yameegeshwa hatua chache kutoka kwenye maji. Mteja anaiweka simu mezani: "Mzee, mimi na mama watoto na wanetu watatu, Ijumaa hadi Jumatatu. Tunataka hapa."

Hapo ni El Requesón, ndani ya ghuba ya Bahía Concepción, jimbo la Baja California Sur. Ni pazuri kweli, picha haidanganyi. Ila kutoka mpaka wa Tijuana hadi pale ni karibu kilomita 1,000, sehemu kubwa ikiwa barabara nyembamba ya njia mbili ambayo mara nyingi haina hata bega la kuegeshea. Gari-nyumba la futi 25 hapo linakwenda mwendo wa bi harusi, na usiku haliendi kabisa, kwa sababu ng'ombe wa Baja hulala barabarani na hawana taa. Siku mbili za kwenda, mbili za kurudi. Utakuwa umelipia kitanda, jiko na choo vya kutazamia dirishani.

Sisi ni biashara ndogo ya familia hapa Phoenix, tunakodisha magari-nyumba matatu, yale ambayo huku kila mtu anayaita RV. Kwa siku nne jibu letu ni moja, na wateja wamelizoea: Puerto Peñasco, jimbo la Sonora. Kutoka Phoenix ni kama kilomita 345. Unashuka Gila Bend, unapita Ajo na kijiji kiitwacho Why, unavuka mpaka Lukeville, unatokea Sonoyta upande wa pili, halafu barabara namba 8 inakupeleka kilomita 100 hivi hadi baharini, ikipita kando ya hifadhi ya El Pinacate y Gran Desierto de Altar, yenye mashimo ya volkano na vilima vya mchanga, ambayo UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2013. Saa haibadiliki, maana Sonora na Arizona hufuata wakati mmoja mwaka mzima. Tena mji huo umo ndani ya eneo ambalo gari la kigeni halihitaji kibali cha kuingizwa nchini kwa muda, kwa hiyo foleni moja umeiepuka.

Sasa tuje kwenye jambo linalovunja safari nyingi kuliko pancha na injini zikiwekwa pamoja: karatasi.

Familia zetu nyingi hapa Arizona zina karatasi mchanganyiko. Baba ni raia, mama ana kadi ya ukaazi wa kudumu, ile grini kadi, watoto wamezaliwa Phoenix, na bibi amekuja juzi, kesi yake ya ukimbizi bado haijaamuliwa. Wote wanataka kwenda baharini pamoja, na ni haki yao kutamani. Kuingia Mexico mara nyingi si kazi ngumu. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo kwa kawaida huhitaji viza, lakini akiwa na grini kadi iliyo hai pamoja na pasipoti yake, hiyo viza haidaiwi. Kazi ni kurudi Marekani. Mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri, akitoka nchini bila kibali cha kurudi alichokiomba na kupewa kabla ya safari, anahesabiwa kuwa amelitupa ombi lake mwenyewe. Aliyekubaliwa kama mkimbizi na hajapata uraia anapaswa kuwa na kitabu cha safari cha mkimbizi, nacho hakitoki kwa wiki moja. Na kwa mwenye kitabu hicho, suala la viza aliulize kwenye ubalozi mdogo wa Mexico, upo hapa hapa Phoenix, asiulize kwa shemeji.

Ndiyo maana kabla ya kuchukua malipo tunauliza kila msafiri atavuka na karatasi gani. Wengine hukasirika, wakaona tunawapekua. Hatutaki kujua kesi ya mtu. Hatutaki tu bibi abaki Sonoyta na begi la vitenge huku nyinyi mko Lukeville. Tukiona mambo hayajakaa sawa, tunasema wazi, na tunawapangia Silver Strand, ufukwe wa jimbo pale Coronado jirani na San Diego, ambako magari-nyumba huegeshwa mkabala na bahari ya Pasifiki na hakuna mpaka wa kuvuka. Maji ya kule ni baridi, nawaonya mapema.

Kwa walio sawa: mkifika upande wa Mexico, simameni kwenye ofisi ya uhamiaji mchukue fomu ya utalii, ile FMM. Wengi hupita moja kwa moja kwa sababu hakuna anayewasimamisha, na hilo ndilo kosa. Kwa waingiao kwa barabara na kukaa siku zisizozidi 7 imekuwa ikitolewa bila malipo, hivyo uvivu hauna kisingizio. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake aandikiwe barua ya ridhaa na mwenzake, iliyothibitishwa na mthibitishaji rasmi wa nyaraka, yule notary.

Bima. Bima yako ya Marekani ikivuka mpaka inakuwa karatasi ya kufungia karanga. Mexico inataka bima ya mtu wa tatu iliyotolewa na kampuni ya Mexico. Ukigonga mtu bila hiyo unaweza kuzuiliwa mpaka ijulikane nani mwenye kosa na nani atalipa. Makampuni mengi ya kukodisha magari-nyumba huku hayaruhusu kabisa magari yao kuvuka, na mteja hugundua hilo baada ya kulipa. Yetu yanavuka. Kwenye bei tunaweka bima ya Mexico, barua ya ruhusa kutoka kwetu wenye gari, na nakala ya usajili, vyote vimechapishwa, maana simu haina chaji siku askari anapotaka kuona.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kupwa na kujaa nilikujua kabla sijajua kusoma, na hicho ndicho kilichoniponza. Safari yangu ya kwanza Peñasco nilifika jioni, maji yamekupwa, nikaona mchanga mpana na mgumu, nikaegesha chini ya mstari wa mwani nikijiambia bahari ni bahari. Saa tisa usiku mke wangu akaniamsha akisema gari linaelea. Halikuwa linaelea, lilikuwa linazama: magurudumu ya nyuma yamemezwa nusu, na povu liko kwenye ngazi ya mlango. Mvuvi mmoja mwenye pikapu alituvuta kwa kamba, watoto wanalia, mimi nimeshika taulo sijui la kufutia nini.

Nyumbani Tanga bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, inapanda na kushuka kiasi cha mita 4, na tunaiona kubwa. Kaskazini mwa Ghuba ya California, ambako Peñasco ipo, inapita mita 6, na ng'ambo ya pili ya ghuba, upande wa San Felipe, inakaribia 7. Ghuba ile ni ndefu na nyembamba, imefungwa upande wa juu, na huko juu kina ni kifupi. Maji yanayosukumwa kutoka bahari kuu hayana pa kwenda ila kurundikana. Kwa hiyo mkataba wetu una sharti moja lisilo na mjadala: gari halikanyagi mchanga. Tunawawekea nafasi kwenye kambi iliyo juu ya ufukwe, penye sakafu ngumu, umeme, maji na bomba la kumwagia uchafu. Kushuka baharini ni kwa miguu, na fukwe za Mexico ni mali ya umma kisheria.

Pamoja na funguo tunawapa ratiba ya maji. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, mwezi nusu ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, kama kwetu. Mwenye watoto wadogo wa kuogelea achague maji mafu. Mwenye watoto wadadisi achague bamvua, kwa sababu bahari ikirudi nyuma miamba inabaki na vidimbwi vyenye kaa, kiti cha pwani, yule mnyama mwenye umbo la nyota, na ukibahatika pweza. Jina lenyewe Peñasco maana yake mwamba. Ila mkiingia majini mburure miguu, msiinyanyue. Kuna taa, wale samaki wenye mwiba mkiani, wanajilaza kwenye mchanga penye maji ya magotini. Ukiwaburuzia mguu wanakimbia, ukiwakanyaga utaliona giza mchana.

Kuhusu msimu sitawaficha. Machi ni fujo ya wanafunzi wa vyuo, na wiki ya kabla ya Pasaka Wameksiko wenyewe wanahamia ufukweni na nafasi hakuna. Januari maji ni baridi, mtu wa Pwani ataishia kutazama. Julai maji ni vuguvugu kama ufukwe wa Raskazone kule Tanga lakini nje joto linafika nyuzi 40 na zaidi. Oktoba, Novemba, na wiki za Aprili na Mei baada ya Pasaka ndizo ninazowapeleka wanangu.

Maji ya kutumia ndiyo yanayoisha kwanza. Tangi letu ni galoni 40, kama lita 150, na tangi la choo ni dogo zaidi. Mtu mmoja akioga Kimarekani dakika kumi, nusu ya tangi imekwenda. Wengi wetu tulilelewa na ndoo na kopo, basi huu ndio wakati wa kuwafundisha watoto, na kambi nyingi zina mabafu. Ya kunywa nunueni, dumu la lita 20 huko linaitwa garrafón.

Jazeni mafuta Ajo. Tangi la galoni 55 huwafikisha na kuwarudisha, likibaki kidogo. Mkilazimika kujaza Mexico, mpira wa kijani ni petroli ya kawaida, na hakikisheni pampu imeanza sifuri. Matuta ya barabarani wanayaita topes, na aliyewahi kuendesha Chalinze hadi Segera kule Tanzania ameshahitimu. Gari likikwama, namba 078 ni ya Ángeles Verdes, huduma ya serikali ya kusaidia wasafiri barabarani. Na silaha: Arizona watu wanatembea na bastola kama funguo, lakini Mexico hata risasi moja iliyosahaulika kwenye droo inaweza kukulaza gerezani. Sisi hupekua droo zetu kila gari likirudi. Pekueni mabegi yenu.

Chakula ni kamba na samaki wa soko la Malecón, ambao kwa familia za Kiislamu wanamaliza lile suala la nyama halali. Bebeni tui la kopo na bizari kutoka nyumbani. Wakati wa kurudi, matunda, nyama ya nguruwe na mayai mabichi yasibaki kwenye friji, na kila chakula mtakachokuwa nacho mkitaje kwa afisa wa mpakani.

Lukeville hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku. Jumapili mchana foleni hufika mbali, ndiyo maana siku nne zetu huishia Jumatatu. Mkija kuchukua gari, dereva wa pili aje mwenyewe na leseni yake. Jina lake lisipokuwa kwenye bima, usukani haugusi.