Tatuu ya midomo si lipstiki

Mhariri,

Ni zaidi ya miaka 15 nasoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile makala ya ukurasa wa urembo iliyosema tatuu ya midomo ni "salama kama kupaka lipstiki", kwamba wino wake ni "wa asili", na kwamba usipoipenda rangi "inafutwa tu kwa leza". Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililo sawa.

Lipstiki inakaa juu ya ngozi, ukiichoka unaifuta kwa kitambaa. Tatuu ni sindano inayotoboa ngozi tena na tena ili kuingiza wino, na ngozi ya midomo ni nyembamba mno, haina hata matezi ya jasho. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukuachia homa ya ini aina ya B au C, hata Virusi vya Ukimwi. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kupangusa mashine kwa karatasi laini si usafi.

Mimi nilichorwa miaka miwili iliyopita. Fundi alikuwa mchangamfu, amevaa glavu, na sindano aliifungua mbele yangu, kwa hilo namshukuru. Aliniuliza mara tatu napenda rangi gani. Hakuniuliza hata mara moja kama nimewahi kutokwa na yale malengelenge ya mdomoni yanayozuka mtu akiwa na homa au akichoka sana. Nimewahi, tangu utotoni, na angeuliza ningemjibu palepale. Usiku wa siku ya tatu mdomo wa juu ulianza kuwasha na kuchoma. Kulipokucha ulikuwa umejaa malengelenge madogo yaliyoshikana kama shanga, toka pembe hadi pembe, umevimba hata siwezi kuufumba. Majimaji yalikuwa yameganda kwenye foronya, nikaibandua kwa kuilowesha maji ya vuguvugu huku machozi yananitoka. Siku tano nilikunywa kila kitu kwa mrija. Mwanangu mdogo nilimkataza asinibusu, hakuelewa kwa nini, akalia mpaka akalala. Nilipompigia fundi akasema, "Dada, huo ni uvimbe wa kawaida, paka mafuta tu." Daktari alinitazama mara moja akajua ni herpesi, virusi vinavyoleta malengelenge hayo ya mdomoni. Virusi hivyo vikishaingia mwilini havitoki, hujificha kwenye neva za uso, na majeraha ya sindano mdomoni ni miongoni mwa mambo yanayoviamsha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, yaani asilimia 64, wanavyo, na wengi hawajui. Lakini kilichonichoma zaidi ya malengelenge yenyewe ni kuambiwa kwamba kinga ilikuwepo: vidonge kama asikloviri, ambavyo daktari anaweza kumwandikia mtu aanze kuvimeza kabla ya kuchorwa. Swali moja tu lingeniokoa! Vigaga vilipodondoka viliondoka na rangi, na hadi leo mdomo wangu wa juu una mabaka.

Sasa huo wino "wa asili". Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha rangi hata moja kwa ajili ya kudungwa kwenye ngozi. Mwaka 2003 na 2004 ilipokea malalamiko zaidi ya 150 kuhusu baadhi ya wino wa vipodozi vya kudumu, yaani vile vinavyochorwa kwa sindano kama tatuu hii ya midomo. Mwaka 2024 watafiti wake walichapisha matokeo ya kupima sampuli 75 za wino wa tatuu na wa vipodozi hivyo, na 26 zilikuwa na bakteria, ingawa chupa zilikuwa hazijafunguliwa. Umoja wa Ulaya nao umeweka masharti juu ya maelfu ya kemikali za wino huo tangu Januari 2022. Kama vitu hivi vingekuwa salama kama lipstiki, wasingejisumbua. Na hiyo leza mnayoitaja kama kifutio: wino wa midomo, hasa wa waridi, mara nyingi una kemikali za rangi kama titani dioksidi au oksidi ya chuma, na mwale wa leza unaweza kuugeuza mweusi palepale. Mtu anakwenda kufuta anatoka na midomo myeusi.

Tena kuna jambo la krimu ya ganzi, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa. Mimi nilipakwa kutoka kwenye kikopo kisicho na lebo, nikafungwa plastiki mdomoni nusu saa, ulimi ukafa ganzi hadi kooni. Machi 2024 FDA hiyohiyo ilionya kuhusu krimu za ganzi zinazotumika kwa tatuu zenye lidokeini, ile dawa yenyewe ya ganzi, kupita asilimia 4, kiwango cha juu kwa krimu inayouzwa bila cheti cha daktari. Ikizidi mwilini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuleta degedege. Kikopo kisicho na lebo kina asilimia ngapi? Nilimwuliza fundi, hata yeye hakujua.

Siwaombi mfanye kampeni ya kupiga marufuku tatuu ya midomo, wapo wanaochorwa na kutoka salama. Naomba mambo mawili. Kwanza, kila mkiandika kuhusu jambo hili, mchapishe kwa herufi nene maswali ambayo fundi lazima amwulize mteja kabla ya kushika sindano: umewahi kutokwa na malengelenge mdomoni, una mzio gani, una mimba, unameza dawa gani. Pili, msichapishe picha ya siku ya kwanza peke yake, midomo inang'aa mafuta na taa zimewashwa. Mpiga picha arudi siku ya nne, kisha arudi wiki ya sita, na picha zote tatu zitoke kwa ukubwa uleule.

Picha yangu ya siku ya nne ninayo. Mkiihitaji, nitawaletea.

Msomaji wenu